Kwa nini ubao mpya huoza kabla ya mbao kuukuu katika chombo kilichokarabatiwa

Na MWANDISHI WETU

KATIKA fuo za Lamu, Faza, Mtwapa na hata Vanga, si ajabu kukuta jahazi au mashua kuukuu imelazwa juu ya magogo, na kati ya mbao zake zilizokolea weusi kwa mafuta na jua, mbao moja mbili mpya zikimeta kama meno ya bandia katika kinywa cha mzee.

Mwenye chombo hutazama sehemu hiyo mpya kwa fahari. Amelipia mbao, misumari na ujira wa fundi, naye huamini kwamba hapo ndipo palipo imara kuliko pote.

Aghalabu mambo huwa kinyume. Misimu michache baadaye, ubao ule mpya ndio unaobonyea ukichomwa kwa ncha ya kisu, ilhali jirani zake waliopigiliwa zama za babu wangali wagumu kama mfupa. Chombo hurudishwa pwani, gharama huanza upya, na mvuvi hukaa bila kazi. Hiyo ni heri, kwani ubao uliooza ukiachia misumari chombo kikiwa nje ya mwamba wakati wa kusi, hasara haihesabiwi kwa shilingi peke yake.

Sababu za jambo hili zinajulikana, na nyingi kati yake hazihusu ustadi wa kuchonga. Zinahusu yale yanayofanywa, au yasiyofanywa, kabla ya ubao kupigiliwa.

Kwanza ni mti wenyewe. Mbao za zamani zilipasuliwa kutoka kwa miti mikubwa ya mvule, mbambakofi au msaji, na fundi alitumia sehemu ya kati ya gogo, ile nyeusi nyeusi iliyojaa utomvu mchungu ambao kuvu na wadudu huuchukia. Sehemu ya nje iliyo karibu na gome, ambayo huwa nyeupe na laini, ilitupwa au kufanywa kuni. Siku hizi miti mikubwa imeadimika. Ubao unaouzwa mjini mara nyingi umetoka kwenye mti mchanga, na nusu yake ni ile sehemu nyeupe. Sehemu hiyo haina kinga hata kama mti wenyewe ni mvule. Jina la mti halitoshi; ni lazima mnunuzi autazame ubao pande zote na kukataa wenye ukingo mweupe.

Upatikanaji wa mbao nao umekuwa na misukosuko yake. Mnamo Februari 2018 serikali ilisitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikadumu hadi Julai 2023 wakati Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa. Katika hali kama hiyo, fundi hulazimika kutumia alichokipata, ukiwemo mwembe, ambao huchongeka kwa urahisi lakini huoza upesi usipolindwa.

Pili, ubao wa zamani umekunywa mafuta kwa miongo mingi. Kila mwaka umepakwa, ukakauka, ukapakwa tena. Ubao mpya hauna akiba hiyo. Na tatu, ubao mpya huwekwa mahali ambapo wa kwanza ulioza, yaani unalazwa kando ya mbao na mataruma ambayo tayari yana mbegu za kuvu ndani yake. Ni sawa na kumlaza mtoto mchanga kitanda kimoja na mgonjwa wa surua.

Hapa inafaa kueleza ni nini hasa huozesha mbao, kwa sababu wengi huilaumu bahari bure.

Kuvu inayokula mbao huhitaji chakula, ambacho ni ubao wenyewe, joto, ambalo Pwani halikosekani, hewa, na unyevu. Ubao ukiwa na maji yasiyofikia asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu haiwezi kuanza kazi. Ukizama kabisa majini, kuvu hukosa hewa. Isitoshe, chumvi ya bahari huidhoofisha. Ndiyo maana mkuku na mbao za chini kabisa haziozi kwa njia hii, ila sehemu za juu: kando ya sitaha, vichwa vya mataruma, pembe za omo na tezi, na kila mahali ambapo maji ya mvua hutuama na kukosa njia ya kutoka. Mabaharia wa jadi waliosisitiza sitaha ioshwe kwa maji ya bahari badala ya maji ya kisima walikuwa na hoja.

Ushahidi mzuri uko mbali na hapa, katika bandari ya Portsmouth nchini Uingereza. Manowari ya mbao HMS Victory, iliyozinduliwa mwaka 1765, imekaa katika gati kavu tangu mwaka 1922. Haijaelea kwa zaidi ya miaka 100, ila mbao zake zimeendelea kuoza kwa mvua, na katika ukarabati mkubwa ulioanza mwaka 2022 mafundi wanabandua mbao za ubavuni zilizoharibiwa na kuvu pamoja na wadudu. Bahari haikuhusika.

Chini ya mstari wa maji adui ni mwingine. Huyo ni mnyoo wa baharini atobaye mbao, ambaye kwa hakika si mnyoo bali ni wa jamii ya chaza na kome. Huingia akiwa mchanga kupitia kitundu kidogo kama cha sindano, kisha hukua ndani akifuata urefu wa ubao, huku akiupaka mtaro wake chokaa. Nje ubao huonekana mzima. Ndani umekuwa sega la nyuki. Kiumbe huyu hahitaji zaidi ya sehemu ndogo iliyokosa kupakwa dawa au iliyokwaruzwa kwenye mawe ili apate mlango.

Kwa hiyo chombo kimoja kina vita viwili, na kinga ya huku si lazima iwe kinga ya kule.

Tatizo kubwa kwa wavuvi wetu ni kalenda. Vyombo vingi hupandishwa pwani wakati wa kusi, bahari inapochafuka na uvuvi kupungua. Lakini miezi hiyo ndiyo ya mvua za masika, hasa Aprili hadi Juni. Mvuvi hununua ubao mbichi mwezi wa Mei, fundi huuchonga ukiwa bado unatoa maji, kisha hupakwa rangi nzuri juu. Rangi hiyo haizuii maji kuingia. Inazuia yaliyomo kutoka. Kuvu haiwezi kutengenezewa nyumba bora kuliko hiyo.

Dawa yake ni kununua mbao mapema, wakati wa kaskazi, Desemba au Januari, na kuziweka kivulini chini ya paa la makuti. Zipangwe juu ya magogo, zisiguse mchanga, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti ili upepo upite. Vichwa vya kila ubao vipakwe rangi nzito au lami siku hiyo hiyo zinapofika. Vichwa hivyo ndipo nyuzi za mti zilipokatwa, na kila uzi ni kama mrija ulio wazi; maji hupita hapo kwa kasi inayozidi mara nyingi ile ya upande wa ubao. Visipozibwa, maji hutoka upesi mno mwishoni kuliko katikati, na ubao hupasuka kabla haujafika kwa fundi.

Hata hivyo, ubao wa chombo cha kukalafatiwa hautakiwi kukauka kupita kiasi. Mbao kavu sana zikibanwa pamoja huvimba chombo kiingiapo majini, nazo zinaweza kung'oa misumari au kuvunja mataruma. Mbichi nazo husinyaa chombo kikipandishwa juani, maungio yakafunguka. Kinachotafutwa ni ubao uliokauka kivulini kwa miezi kadhaa, ukafanana kwa kadiri iwezekanavyo na zile utakaokaa nazo.

Kabla ya kuuweka, nafasi yenyewe isafishwe. Uozo huenea mbali kuliko macho yanavyoona. Mahali mbao inapoanza kuonekana nzima, inashauriwa kukata shubiri mbili zaidi. Ubakhili hapa ni ghali. Kisha nyuso za mataruma zilizofichuka zikwanguliwe hadi kwenye mbao ngumu na kuachwa zikauke. Zinaweza kupakwa maji moto yaliyoyeyushwa boraksi, ambayo huua kuvu na hupenya hata mbao yenye unyevu. Ila chumvi hiyo hutolewa na maji, na kwa hiyo yafaa kwa sehemu za ndani tu, tena ni sharti ifunikwe kwa mafuta au rangi baada ya kukauka.

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Ubao una nyuso sita: mbili pana, kingo mbili na vichwa viwili. Baada ya kupigiliwa, ni uso mmoja tu wa nje, na vipande vya ule wa ndani kati ya taruma na taruma, ambavyo brashi inaweza kuvifikia. Nyuso nyingine zote zimefichika milele, na ni huko huko maji hujificha. Fundi anayepigilia kwanza kisha akapaka baadaye amelinda sehemu ambayo ingeweza kukaushwa na upepo, akaacha wazi ile isiyokauka kamwe.

Utaratibu ufaao ni kuuchonga ubao, kuujaribu mahali pake mpaka ukae sawasawa, kutoboa matundu yote ya misumari kwa keekee, halafu kuushusha. Ukiwa chini hupakwa pande zote sita, ndani ya matundu pia. Vichwa vipewe mafuta tena na tena hadi vikatae kunywa; si ajabu kichwa kimoja kikanywa mara tano ilhali uso mpana umetosheka kwa mbili. Mataruma yatakayouegemea nayo yapakwe. Ndipo urudishwe na kupigiliwa. Kazi hii huongeza siku mbili au tatu tu. Kila ukingo utakaochongwa tena kwa tezo baada ya hapo, hata kwa upana wa kidole, upakwe upya.

Upakwe nini? Hapa mafundi hutofautiana, na mwandishi haoni haja ya kumlazimisha yeyote. Lililo muhimu ni kuchagua njia moja na kuifuata hadi mwisho, kwa sababu njia hizi hazipatani.

Njia ya kale ya Pwani ni sifa, yaani mafuta ya maini ya papa. Harufu yake haihitaji kuelezwa kwa aliyewahi kupanda jahazi. Hupenya ndani, hufukuza maji, na hurudiwa kwa urahisi kila msimu bila kukwangua kitu. Udhaifu wake ni kwamba ni lazima irudiwe, na papa wenyewe wanapungua: utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 70 tangu mwaka 1970. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hutumiwa mahali pake. Mkono wa kwanza huchanganywa na tapentaini ili upenye, inayofuata huwa mizito zaidi, na kila mmoja uachwe ukauke. Tahadhari moja: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakikunjwa na kurundikwa pembeni huweza kupata joto na kushika moto yenyewe. Yatandazwe nje yakauke au yatumbukizwe majini.

Njia ya pili ni rangi: mkono wa rangi ya msingi kwa nyuso zote sita, kisha rangi ya kumalizia kwa zile za nje. Rangi hulinda vyema dhidi ya jua, ambalo huchoma na kuchana uso wa mbao. Lakini haishiki juu ya mbao iliyolowa sifa. Anayekarabati chombo kilichopakwa sifa maisha yake yote asitarajie rangi idumu kwenye ubao mpya unaopakana na mbao zinazovuja mafuta.

Njia ya tatu ni epoksi, ambayo imeingia Pwani pamoja na boti za kitalii. Ni gundi yenye nguvu, na kwa chombo kilichoundwa nayo tangu mwanzo, kila ubao ukiwa mkavu na kufunikwa kote, haina mpinzani. Katika jahazi kuukuu ni habari nyingine. Mbao za jahazi husogea: huvimba, husinyaa na kujipinda kwa kila wimbi. Ubao mmoja uliovishwa ganda gumu katikati ya zile zinazosogea utapasuka ganda lake kwenye maungio. Maji yataingia kwenye ufa mwembamba kama unywele, na hayatatoka. Mbao ikiwa na unyevu wakati wa kupakwa, hali huwa mbaya zaidi. Aidha, epoksi huharibiwa na jua isipofunikwa kwa rangi au vanishi inayokinga miali. Mwenye jahazi aliyeshawishiwa kwamba kopo moja la epoksi litamaliza matatizo yake afikiri mara mbili.

Kuna na njia ya nne, ambayo ingefaa isiwepo. Hii ni oili chafu, yale mafuta meusi yaliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari. Ni rahisi kuipata, bei yake ni ndogo au hakuna, na watu wameizoea kwa kuipaka kwenye nguzo za ua ili kuzuia mchwa. Kwenye chombo haifai. Haikauki, hubaki juu juu na kusombwa na maji, huzuia gundi na rangi kushika, na ina mabaki ya madini na kemikali zinazoweza kusababisha saratani kwa anayeishika kila siku. Isitoshe, inaishia kwenye maji yale yale ya samaki na mikoko.

Misumari ni mlango mwingine. Msumari wa chuma kitupu huota kutu, kutu hula mbao iliyouzunguka, na tundu hupanuka. Misumari iliyopakwa zinki huishi zaidi. Kuzungushia shingo ya msumari uzi wa pamba uliochovywa mafuta kabla haujapigwa kunaziba tundu lisipitishe maji. Kichwa kizamishwe kidogo ndani ya ubao na kufunikwa kwa mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Hatua hii ni ya lazima kwa wale wanaotumia rangi yenye shaba chini ya chombo, maana shaba ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, chuma huliwa haraka.

Baada ya kupigilia huja kalafati. Pamba iliyolowa mafuta hushindiliwa kwenye maungio kwa chembeu na nyundo, na uzoefu hapa hauna mbadala. Ikilegea maji hupita. Ikishindiliwa mno, mbao zikivimba zitasukumana hadi kitu kivunjike. Kingo za ubao mpya, ambazo zilipakwa mapema, hazipaswi kukwaruzwa na chembeu hadi mbao ikabaki tupu. Juu ya pamba huzibwa kwa chokaa iliyokandwa kwa mafuta.

Kwa sehemu itakayokaa majini, wazee wetu walitumia deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa mzito kama uji wa mgonjwa. Haimuui mnyoo aliyekwisha kuingia, bali humzibia mlango aliye nje, mradi ipakwe upya chombo kinapopandishwa kila baada ya miezi michache. Kabla ya kuipaka, ubavu hupitishiwa moto wa makuti ili kuukausha na kuua wadudu walio karibu na uso. Ubao mpya hauhitaji moto huo kwa mara ya kwanza, na aliyeupaka mafuta ya kitani juzi asiusogeze karibu.

Wenye uwezo hununua rangi za kisasa za kuzuia viumbe, nyingi zikiwa na shaba. Baadhi ya rangi za zamani zilikuwa na kemikali ya bati iitwayo tributiltini, iliyodhuru chaza na konokono hata kwa kiasi kidogo mno. Mkataba wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini unaoipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutekelezwa Septemba 2008. Kopo kuukuu lisilo na maandishi, hata likitolewa bure, liachwe lilipo.

Chombo kikirudishwa majini kitavuja. Hilo lisimtie mtu hofu. Mbao mpya na pamba huhitaji siku moja hadi kadhaa kuvimba na kubanana, na katika muda huo mtu akae na kata na ndoo, chombo kikiwa karibu na ufuo na bila shehena. Kuvuja kukiendelea baada ya wiki moja, kuna pamba iliyolegea au tundu la msumari lililosahaulika.

Ngama ichunguzwe baada ya kila mvua kubwa. Matundu ya kupitishia maji chini ya mataruma yasizibwe na magamba ya samaki, mchanga au deheni iliyodondoka, ili maji ya mvua yafike mahali pa kutekwa badala ya kutuama nyuma ya ubao mpya. Na chombo kinapopandishwa kwa mara ya kwanza baada ya ukarabati, fundi augonge ubao huo kwa mpini wa nyundo kutoka kichwa hadi kichwa, kisha agonge ulio jirani yake. Sauti zikitofautiana, mmoja ukilia kama mbao na mwingine ukijibu kwa kishindo kizito kama cha gunia, msumari mmoja ung'olewe hapo hapo na tundu lake litazamwe.